Ujumbe wa Alhamisi: Kuulizia Akiba ya Dawa Kigoma Vijijini

Mfumo wa kuulizia akiba ya dawa za malaria kwa ujumbe wa simu ulianza kujaribiwa Tanzania Septemba 2009, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Uliitwa SMS for Life, nao uliwakutanisha Wizara ya Afya, Roll Back Malaria, Novartis, Vodafone na IBM. Majaribio yalichukua wiki 21 na kuhusisha vituo 129 vya kutolea huduma. Wengi waliuona kuwa mradi wa dawa. Kwa watu wa kompyuta ulikuwa pia njia ya kumfanya muuguzi mwenye simu ya kitochi, hata kama hajawahi kufungua tovuti, aingize taarifa kwenye tovuti.

Kigoma palikuwa mahali pagumu pa kujaribia, na kwa sababu hiyo panapofaa. Wilaya ya Uvinza ilikuwa haijamegwa bado, na Kigoma Vijijini ilishuka na mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi Kalya, ikapita vijiji vinavyofikika kwa boti tu. Habari kutoka huku zimesumbuka tangu zamani. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyefika Ujiji, jirani na mji wa Kigoma, Machi 1869, aliandika barua zipatazo arobaini na kuwakabidhi watu wa misafara wazipeleke pwani. Karibu zote zilipotea. Yeye alishuku kwamba zilipotezwa makusudi, kwa kuwa wafanyabiashara wa utumwa hawakutaka yaliyomo yafike Zanzibar. Upande wa barua alizotumiwa mambo hayakuwa afadhali. Mfuko wa barua zake wenye tarehe ya 1 Novemba 1870 ulikuwa bado umekwama Unyanyembe, karibu na Tabora, mwaka uliofuata, hadi mwandishi wa habari Henry Stanley alipoukuta na kwenda nao Ujiji. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliipa barua ratiba. Lakini kati ya stesheni na zahanati ya kijijini, karatasi iliendelea kusafiri kwa kutegemea nani anakwenda mjini na lini.

Wavuti ungeweza kuiruka safari hiyo, lakini nao una hatua zake. Kompyuta inapoiomba seva kitu kwa njia ya wavuti, ni lazima itaje anwani, iseme inataka kusoma au kuandika, ipange taarifa kwa muundo unaokubalika, kisha ielewe jibu linalorudi, liwe la kukubaliwa au la kukataliwa. Waandishi wa programu wenyewe huchoshwa na hatua hizo, ndiyo maana hutengeneza maktaba za programu zinazozificha nyuma ya amri moja fupi. Mfumo wa 2009 ulifuata njia hiyohiyo, ila ulimlenga mtu asiyeandika programu. Kila Alhamisi swali liliingia kwenye simu ya mhudumu. Naye alihesabu pakiti za dawa mseto, zilizokuwa za aina nne kulingana na uzito wa mgonjwa, akahesabu na kwinini ya sindano, akatuma idadi kwa namba fupi isiyokata salio. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio, aliyechelewa alikumbushwa. Kazi ya kuzifikisha namba hizo kwenye tovuti, ambako mganga mkuu wa wilaya angeziona, ilifanywa na mitambo.

Majibu yalipatikana kwa wastani wa asilimia 95, kiwango ambacho fomu za karatasi zingekionea wivu. Vituo vilivyokosa aina moja au zaidi ya dawa zilizofuatiliwa vilipungua kutoka asilimia 78 wiki ya kwanza hadi 26 wiki ya mwisho. Kigoma Vijijini ilianzia pabaya kuliko wenzake na ikabaki nyuma: vituo vyenye upungufu huo vilishuka kutoka asilimia 93 hadi 47, wakati Lindi Vijijini ilifika sifuri. Ujumbe ulimwambia mganga mkuu ni zahanati ipi imeishiwa na ipi ina ziada ya kugawia jirani, lakini dawa yenyewe bado ilisafiri kwa gari au boti, na bohari ya kanda iliyoihudumia Kigoma ilikuwa Tabora.

Mwaka 2011 mfumo huo ulianza kuenezwa Tanzania Bara, ukavuka vituo 5,000. Sambamba nao ukakua mfumo mwingine wa ujumbe wa simu, ILSGateway, uliojengwa juu ya RapidSMS, programu huria iliyotoka UNICEF. Huu uliangalia dawa nyingi zaidi, na lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili. Mhudumu mpya alianza na “sajili”. Akiulizwa kama fomu ya ripoti na maombi imepelekwa, alijibu “nimetuma” au “sijatuma”. Kuhusu mzigo wa dawa, “nimepokea” au “sijapokea”. Aliyekwama aliandika “msaada”, na maelekezo yakarudi kwenye simu hiyohiyo, bila haja ya kutafuta kitabu cha mwongozo. Waliobuni amri hizo walifanya vizuri kuyapa majibu ya kukanusha nafasi sawa na ya kukubali, kwani “sijapokea” ndiyo taarifa ambayo wilaya ilihitaji kuipata mapema kuliko nyingine.