Stesheni Wagoni Bado Zinapanda Mlima

Siku ukipata bahati ya kushika kadi ya shangingi la mkubwa yeyote, soma pale palipoandikwa aina ya bodi. Usishangae ukikuta limeandikwa stesheni wagoni. Ndiyo, lile dude la juu lenye vioo vyeusi, linalotutimulia vumbi barabara ya Dongobesh, kwenye karatasi ni stesheni wagoni! Toyota wenyewe ndivyo wanavyoliita Land Cruiser lao kubwa mpaka leo. Na ile Probox iliyochakaa, yenye magunia ya vitunguu saumu hadi kwenye keria, nayo ni stesheni wagoni. Basi anayetaka kuandika historia ya magari haya huku kwetu Mbulu na Hanang aandike habari za koo mbili zinazotumia jina moja: ukoo wa juu na ukoo wa chini. Mimi niko upande wa chini, nasema mapema ili usije ukanilaumu.

Jina lilizaliwa Marekani, kwenye miaka ya 1910 na 1920. Watu walichukua gari la kawaida, wakalijengea bodi ya mbao nyuma, likawa la kupokea wageni na masanduku yao kwenye stesheni ya reli. Inachekesha kidogo, maana wilaya zetu hizi hazina reli hata hatua moja. Garimoshi lilifika Arusha mwaka 1929 likaishia hapo. Mzigo wa Mbulu uliendelea kushuka kwa punda.

Ukoo wa juu ulitangulia kufika. Land Rover ilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948, na miaka ya 1950 ikatolewa ile ndefu ya viti vingi, nayo ikiitwa stesheni wagoni. Hilo ndilo lililokuwa gari la mkoloni, la mmisionari na la daktari. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 mahali ambapo gari la chini lingelala siku tatu kwenye tope, kwa hiyo siwezi kuitukana Land Rover. Imeokoa watu wengi. Lakini gari la juu lilikuja pia na mambo mengine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mashamba ya ngano ya NAFCO yakisaidiwa na Kanada yalitanda Hanang mpaka kufikia ekari zipatazo 100,000. Hiyo ndiyo ardhi ambayo Wabarabaig walichungia ng'ombe wao. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki kwa sehemu, na Mahakama ya Rufani ikaja kuitengua. Sasa mchungaji aliyeona hayo, akiona gari refu linatokeza kwa mbali linatimua vumbi, atalipungia mkono kweli?

Ukoo wa chini huku Afrika Mashariki ulianzishwa na Peugeot, ambayo wazee wetu wanaiita Pijo. Watu hawakuipenda kwa sura. Waliiona ikifanya kazi. Katika mashindano ya East African Safari ya mwaka 1963 yaliingia magari 84, yakamaliza saba tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 ikashinda tena, safari hizo ikiendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Jamani, ushindi ule ulikuwa wa nyumbani! Mwaka 1968 ikarudia. Baada ya hapo utamwambia nini mwenye duka anayetaka kununua gari?

Ikaja 504, na mwaka 1971 ikatolewa stesheni wagoni yake. Hapa naomba univumilie, kwa sababu mafundi wakianza kuisimulia hawanyamazi. Wafaransa hawakuchukua gari dogo wakalibandika buti. Waliongeza urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma kwa sentimita 16, wakaweka eksili nzima ya nyuma, na juu yake springi nne za kujizungusha, mbili kila upande. Ile ya familia ilikuwa na safu tatu za viti. Yaani ilitengenezwa kubeba, siyo kupakiwa kwa kulazimishwa. Kenya zilikimbia kati ya Nairobi na Nakuru zikiwa teksi za kugawana nauli, na huko Nigeria waliendelea kuziunganisha hadi miaka ya 2000, wakati Ufaransa walikwisha kuziacha tangu 1983.

Kwetu Tanzania miaka ya mwisho ya 1970 ilikuwa ya dhiki. Mafuta yalipanda, vita ya Kagera ikamaliza fedha za kigeni, spea zikawa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake aingize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi, na hapo mlango ukafunguka. Kilichofuata ni mafuriko ya magari yaliyotumika Japani: Corolla za buti refu, Caldina, halafu Probox iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, mwaka uleule Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha. Kule Japani Probox ni gari la kusambaza vitu vya ofisi, kilo 400 za mzigo basi. Huku kilo 400 ni mwanzo wa mazungumzo.

Marekani, gari la namna hii liliuawa na karatasi. Sheria ya mafuta ya mwaka 1975 ilizihesabu stesheni wagoni pamoja na magari madogo, zikabanwa. Magari ya juu yakahesabiwa pamoja na malori mepesi, yakalegezewa. Kampuni zikafuata penye unafuu. Kufikia 1996 General Motors waliacha kutengeneza zile kubwa za mwisho, Roadmaster na Caprice. Mteja akaambiwa kwamba anapenda urefu, naye akakubali.

Mkulima wa Bashay hakuambiwa kitu. Yeye anapiga hesabu. Gari la chini linakunywa mafuta kidogo, spea zake ziko Babati, na fundi wa chini ya mti analifungua macho yakiwa yamefumba. Muhimu zaidi, ukilaza kiti cha nyuma unapata sakafu ndefu iliyonyooka. Sakafu hiyo asubuhi inabeba mbuzi wa mnada wa Katesh, mchana magunia ya mbaazi, na usiku inatandikwa godoro kwa mama aliyeshikwa na uchungu anayewahishwa Haydom. Shangingi lingeweza kumbeba pia, tena vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba saa nane ya usiku shangingi limefungiwa ndani ya geti la ofisi, na dereva wa Probox analala nyumba ya tatu.

Sisemi hazina ubaya. Niliwahi kukaa kwenye buti toka Dongobesh, watu wanne na jogoo, magoti yamefika kidevuni, na konda anasema bado kuna nafasi ya mmoja. Masika yakikolea, udongo mweusi wa bondeni unazishika kama gundi, abiria mnashuka kusukuma na nauli mmeshalipa. Kwenye kona za Mlima Magara ukiwa umejaza namna hiyo, breki ikichemka ni habari nyingine kabisa, na wapo waliozikwa kwa sababu hiyo.

Lami ilipokamilika kupita Katesh mwanzoni mwa miaka ya 2010, mabasi yalichukua njia kuu ya Singida na Babati. Kuna waliosema Probox zimekwisha. Zilikata kona tu, zikaingia njia za vumbi za kuelekea Basotu na vijiji vya nyuma ya mlima, ambako basi haliendi na shangingi huonekana wakati wa kampeni. Sasa lami inasogea kutoka Mbulu kwenda Haydom, kipande kwa kipande, na madereva wa njia ile wameshaanza kuulizana ni kijiji gani cha ndani bado hakina gari.