Mwitikio wa Serikali ya Kerala kwa UVIKO-19

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini India alithibitishwa Kerala, jimbo la kusini-magharibi, tarehe 30 Januari 2020. Alikuwa mwanafunzi aliyerejea kutoka Wuhan. Serikali ya jimbo hilo, iliyoongozwa na Pinarayi Vijayan, haikukutwa mikono mitupu. Mlipuko wa virusi vya Nipah wa 2018 ulikwishawafunza wahudumu wa afya kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa. Kudumbashree, mtandao wa vikundi vya wanawake, uliendesha majiko ya jamii, na hata vibarua kutoka majimbo mengine walilishwa: hatua inayostahili sifa kuliko zote. Wakati huohuo, wafanyakazi wengi wa Kerala walirudi kutoka nchi za Ghuba wakiwa wamepoteza ajira. Hata hivyo, katikati ya 2021 Kerala iliongoza India kwa maambukizi mapya, na maelfu ya vifo vya awali viliingizwa kwenye hesabu baadaye.