Nani Ashike Kipimo cha Maumivu?

Wanafunzi wa Tukuyu na wa vijiji vyote vya Rungwe, somo letu la leo ni la historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maumivu ya mtu aliyeungua.

Kwetu baridi ni kali, nasi twapenda kukaa karibu na mafiga. Nani kati yenu asiyemjua mtoto aliyeunguzwa na maji ya moto? Tena barabara yetu iendayo Kasumulu hupitisha magari ya mafuta. Mwakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: gari la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100.

Aliyeungua huumwa usiku na mchana, kisha huumwa upya kila kidonda kinapooshwa. Zamani dawa ilifuata saa ya mwuguzi. Mgonjwa akilia saa nane na zamu yake ni saa kumi, aliambiwa avumilie. Dawa yenyewe, mofini, haikuwa ngeni. Friedrich Sertürner wa Ujerumani aliitoa katika afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Kilichokosekana ni kumwamini mgonjwa.

Mwaka 1971 Daktari Philip Sechzer wa Marekani alieleza mtambo alioujaribu: mgonjwa hubonyeza kitufe, na dawa kidogo huingia mshipani. Mwaka 1976 ukaanza kuuzwa mtambo wa namna hiyo uliobuniwa Cardiff, huko Wales.

Mtauliza, je, hatajizidishia? Mtambo huwekewa kipimo na muda. Akibonyeza mapema mno, haumpi kitu. Tena dawa ikimlaza usingizi, hawezi kubonyeza. Kwa hiyo ndugu asimbonyezee kamwe, hata kwa huruma. Hatari huingilia hapo.

Mitambo hiyo ni ya ghali. Jirani zetu wa Uganda walipita njia nyingine. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, akatumia mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwa kipimo alichoelekezwa. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani, si wa moto, lakini fikira ni ile ile.

Basi mtu akiungua, kwanza mmiminieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitali, kama vile Makandana. Huko aulizwe mwenyewe, si ninyi mliomleta, aonyeshe kwa mkono: ngumi ni kusema hana maumivu, vidole vitano ni kusema yamemzidi.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: kuungua, kipimo, kitufe, mofini.