Wanja wa Picha

Katika rasimu ya faharasa ya upigaji picha niliyopewa niipitie, neno langu "wanja", nililolitumia kwa vignette, lilikatwa kwa wino mwekundu, juu yake pakaandikwa "giza la pembeni". Sikuafiki siku ile, na sijaafiki hadi leo.

Tuanzie kwenye asili. Wafaransa walilichukua neno vigne, yaani mzabibu, wakapata vignette, "kizabibu": pambo la majani na vikonyo pembezoni mwa kurasa za vitabu. Karne ya 19 wapiga picha wakaliazima kwa picha za sura zilizofifia kuelekea kingoni. Mwishowe likaiangukia kasoro ya lenzi, ya pembe za picha kufifia. Basi neno lilizaliwa pambo, likakua likawa dosari. Wanja nao hupita njia hiyo hiyo. Wanja wa manga ukikaa sawasawa huliremba jicho, ukichuruzika, hufutwa. Tena hulizunguka jicho, na lenzi ni jicho la kamera.

Giza ni kukosekana kwa mwanga. Pembe za picha hazikosi mwanga, zinapungukiwa tu. Kwa kanuni, mwanga unaoingia kwa mshazari wa digrii 30 huangaza takriban asilimia 56 ya ule wa katikati, maana upungufu hufuata kosaini ya pembe hiyo katika kipeo cha nne. Nani ataiita asilimia 56 giza? Wapo pia wanaoshikilia "kivuli cha kingo". Kivuli hutaka kizuizi; neno hilo litafaa pale kikinga jua kirefu kinapoiziba lenzi, basi. Na yote mawili hayana kitenzi cha kuandamana nayo. Wanja hutiwa, huenea, hufutwa.

Niliambiwa kwamba wanja ni neno la chumba cha bibi harusi, halina hadhi ya kitaaluma. Pwani watoto wachanga hupakwa wanja, na wanaume nao hujipaka. Kipanya cha kompyuta kimetoka ghalani, na hakuna kikao kilichokidai vyeti.

Kuhusu matumizi: fungua picha katika programu ya darktable, washa moduli ya kurekebisha lenzi, wanja utafutika, ukizidisha, pembe zitajaa chenga.

Wanafunzi wangu nawaambia, "Futa wanja huo." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza maana yake.