Kapcha: Historia ya Kumtambua Mtu Mtandaoni, kutoka AltaVista hadi Ihumwa

Kapcha ni jaribio dogo ambalo tovuti humpa mgeni ili kubaini kama ni mtu au ni programu inayojifanya mtu. Limefika hata Ihumwa, eneo lililo mashariki ya jiji la Dodoma kando ya barabara ya Dar es Salaam, linalopakana na Mtumba, ambako Mji wa Serikali ulizinduliwa tarehe 13 Aprili 2019. Ofisi zimesogea karibu, lakini maombi mengi ya ajira na mikopo ya masomo hutumwa mtandaoni. Mwombaji huketi steshenari, hujaza fomu, na pengine hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba yeye si roboti.

Jaribio hili lilianzia Marekani mwaka 1997. Injini ya utafutaji ya AltaVista ilikuwa ikimiminiwa anwani za tovuti na programu zilizotumwa kuvuruga matokeo yake. Andrei Broder na wenzake walitafuta ni maandishi gani huishinda mashine ya kusoma, kisha wakatengeneza picha za herufi zenye kasoro hizo hizo: zilizopinda, za maumbo mchanganyiko, juu ya mandhari yenye madoa. Mtu alizisoma; programu ilikwama.

Mwaka 2000 kampuni ya Yahoo ilipeleka tatizo kama hilo Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Manuel Blum, Luis von Ahn, Nicholas Hopper na John Langford ndio walioipa kazi hiyo msingi wa kitaalamu na jina la CAPTCHA. Kinga haikudumu. Mwaka 2003 Greg Mori na Jitendra Malik walionyesha programu iliyofumbua aina moja ya kapcha, EZ-Gimpy, mara 92 katika kila 100.

Mwaka 2007 ikaja reCAPTCHA, iliyotumia maneno mawili. Moja lilikuwa na jibu linalojulikana. La pili lilitoka katika kitabu au gazeti la zamani ambalo kompyuta ilishindwa kulisoma. Aliyepatia la kwanza aliaminiwa pia kwa la pili, na majibu ya watu wengi yalipolingana, neno liliingizwa katika maktaba ya kidijitali. Google iliinunua huduma hiyo mwaka 2009. Kufikia 2014, watafiti wa Google wenyewe walikuwa na programu iliyosoma herufi ngumu kuliko zote kwa usahihi wa asilimia 99.8. Herufi zilikuwa zimekwisha kazi. Desemba mwaka huo kikaanzishwa kisanduku cha “Mimi si roboti”, ambacho hupima mwenendo wa mgeni zaidi ya jibu lake. Toleo la 2018 halimuulizi mgeni chochote. Humpa alama kati ya 0 na 1, na tovuti huamua la kufanya.

Maboresho mengine yamefanyika ndani ya msimbo wa tovuti. Kosa la kawaida ni kuhakiki jibu kwenye kivinjari peke yake, kwa kuwa roboti huweza kukipita kivinjari na kutuma fomu moja kwa moja kwenye seva. Msimbo mzuri hudai tokeni, yaani uthibitisho kwamba jaribio limefanywa, na kuihakiki kwenye seva. Tokeni hiyo hufanana na ya umeme wa LUKU: ikishatumika mara moja, haifai tena. Ya reCAPTCHA hufa baada ya dakika mbili. Wasanidi huongeza pia sehemu iliyofichwa ndani ya fomu. Mtu haioni, hivyo huiacha tupu. Roboti huijaza na kujifichua.

Gharama ya ulinzi huu imemwangukia mtu halali. Asiyeona hawezi kuchagua picha. Mwombaji wa Ihumwa huambiwa atafute bomba fupi la zimamoto lililosimama kando ya mtaa wa Marekani, kitu ambacho huenda hajawahi kukutana nacho. Wateja wengi wa mtandao mmoja wa simu huweza kutoka kwa anwani moja ya intaneti, hivyo uchokozi wa mmoja huwatia wengine shaka. Wadanganyifu, kwa upande wao, wamekuwa wakiwalipa watu ujira mdogo wafumbue kapcha kwa maelfu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba roboti hufumbua aina nyingi kwa haraka na usahihi zaidi kuliko binadamu.

Tanzania ina njia nyingine. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa Januari 2020. Namba ya siri inayotumwa kwenye laini iliyosajiliwa hivyo humfungamanisha mwombaji na kidole chake. Lakini kapcha huuliza kama mgeni ni mtu; laini iliyosajiliwa hueleza ni mtu gani. Kwa tovuti inayotoa taarifa za umma tu, swali la kwanza linatosha.