Tarehe ya Nyumba ya Tharia Topan, kama alivyoikuta mtu wa Nkololo

Nyumba ile ya roshani za mbao inayotazama bandari ya Malindi, Unguja, aliianzisha Tharia Topan, Khoja wa Ismailia kutoka Kachi, na asikudanganye mtu. Wenye kutembeza wageni huiita Zahanati ya Ithnasheri, na kwa jina hilo wengi hudhani Ithnasheri, Washia wa tawi jingine, ndio waliojenga. Wao walinunua tu.

Tharia alifika Unguja kijana, hana mtaji. Akapanda, akapanda, hata mwaka 1876 Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, akampa usimamizi wa forodha, ambayo tangu enzi za baba yake sultani ilikuwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji.

Hapa natoka njiani kidogo, maana wanaosifu matajiri wa pwani hawataji mabega. Tharia alimkopesha bidhaa Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, Tippu Tip akaingia bara, pembe za ndovu zikatoka. Zilitokaje? Pembe haina miguu. Pagazi alijitwika frasila mbili hivi, yaani ratili 70, akatoka nazo Unyanyembe, huko bara, hadi Bagamoyo, miezi kwa mguu. Vitabuni hutajwa Wanyamwezi, nao wanastahili. Lakini Wasukuma pia walikuwamo, na wazee wa kwetu Nkololo, Usukumani, hawana shaka kwamba babu zao walifika pwani wakarudi na shanga na kaniki. Mmoja aliniambia tukisubiri pamba ipimwe: "Ng'wanawane (mwanangu), pwani sisi tuliijua kwa visigino." Mimi nimeamini.

Turudi. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la msingi. Ukiiona utasema ni kasri la kuishi, kumbe alikusudia hospitali ya Wahindi wasio na uwezo. Mwaka 1890 Waingereza wakampa cheo cha "Sir", na mwaka 1891 akafa kabla nyumba haijaisha. Mjane wake akaimaliza mwaka 1894. Kisha ikanunuliwa kwa mali aliyoacha Nasser Nur Mohamed, wa Ithnasheri, ikawa zahanati ya hisani: dawa chini, makazi ya daktari juu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa ya serikali, ikaachwa, mvua ikaingia. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan la utamaduni likaikodi, likaifufua kwa mafundi wa hapa hapa waliofunzwa upya kazi ya chokaa na nakshi. Nilizunguka ua wa ndani, shingo juu, nikitazama vioo vya rangi na mbao zilizochongwa kama lesi. Kwetu hata nyumba za wenye vinu vya pamba hazijapata kuwa hivyo.

Nikamwuliza mlinzi pembe zilikuwa zikiwekwa chumba gani.

"Humu, mzee wangu, haijawekwa hata moja. Hapa watu walikuja kunywa dawa."

Ni kweli.