Kujithamini Tegemezi

Mwaka 1965 mwanasosholojia Mmarekani Morris Rosenberg alichapisha kipimo cha kujithamini chenye kauli 10 tu, baada ya kuwahoji wanafunzi zaidi ya 5,000 wa shule za upili katika jimbo la New York. Kipimo hicho kimeenea dunia nzima. Kinatuambia mtu anajithamini kiasi gani, lakini hakiulizi thamani hiyo inatoka kwa nani.

Swali hilo la pili lina istilahi yake, nami napendekeza tuiite kujithamini tegemezi: hali ya mtu kupanda na kushuka machoni pake mwenyewe kadiri uhusiano wake na mtu wa karibu unavyokwenda. Mwanasaikolojia Raymond Knee na wenzake walitoa kipimo chake mwaka 2008. Watu wawili huweza kupata alama sawa kwa Rosenberg, kisha mwenzi akinuna jioni moja, mmoja akalala vizuri na wa pili akajiona si kitu. Kinachotegemea hapa ni thamani, si riziki; anayeilisha familia nzima anaweza kuwa na hali hii.

Kipimo cha Knee, hata hivyo, kinamwangalia mpenzi au mwenzi wa ndoa. Ukikipeleka Kisii au Nyamira, nchini Kenya, kilivyo, utaacha nje watu wengi wenye uzito. Kwa Abagusii, wenyeji wa huko, msichana ni omoiseke, akiolewa ni omosubati, na baadaye huwa omong'ina. Ngazi hizi hufuata ndoa na uzao, si miaka peke yake. Mama mkwe, ndugu wa mume na watoto wote wana sauti katika jinsi mwanamke anavyojipima.

Tena kuna suala la sifa. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeanza utafiti wake Gusii katika miaka ya 1950 na kurudi na Sarah LeVine miaka ya 1970, alikuta akina mama wakiitikia upesi kilio cha mtoto mchanga, lakini wakisita kumsifu mtoto wasije wakamtia kiburi. Aliyelelewa hivyo akijipa alama ya chini kwenye karatasi, huenda ni adabu imejibu, wala si unyonge. Naona ni kosa zito kumwandikia mtu huyo kwamba hajithamini.

Kutafsiri kauli za Rosenberg kwa Kiswahili nako kuna mitego. Kauli inayoanza na "najiona" inakaribia majivuno, kwa kuwa "anajiona" kwetu ni lawama. Ile ya kutamani kujiheshimu zaidi ni mbaya kuliko zote: "jiheshimu" ni karipio analopewa aliyevunja adabu, na anayeulizwa atadhani anashukiwa jambo. Ndiyo maana nachagua "kujithamini" na kuiacha "kujiheshimu", ingawa maneno haya mawili hutumika kana kwamba ni mamoja.

Kipimo cha huku, basi, kiulize kwa uhusiano mmoja mmoja: mume akikukasirikia, mama mkwe akikusifu mbele ya wageni, kaka akikupita bila salamu, thamani yako machoni pako inabadilika? Kiulize siku kadhaa mfululizo, maana siku moja haionyeshi kupanda na kushuka. Na kwa wazee wanaofikiri kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii, maswali yatafsiriwe Ekegusii, kisha mtu mwingine asiyeyaona ya mwanzo ayarudishe kwa Kiswahili, tuone yamefika yakiwa na maana gani.